Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja aliyekuwa sauti ya kundi la Queen

Katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, pale Gitaza ambapo milima hushuka hadi karibu na maji ya Ziwa Tanganyika, redio za magari ya abiria hupiga nyimbo za kila aina: rumba ya Kongo, nyimbo za injili, muziki wa kizazi kipya kutoka Tanzania. Mara moja moja, hasa inapomalizika fainali kubwa ya kandanda, husikika wimbo wa Kiingereza wa ushindi, ambao hata abiria asiyejua neno la lugha hiyo huutambua kwa kiitikio chake.

Wimbo huo ulitolewa mwaka 1977 na kundi la Queen la Uingereza. Aliyeutunga na kuuimba ni Freddie Mercury. Wengi wanaoupenda hawajui kwamba mwimbaji huyo hakuzaliwa London wala Liverpool. Alizaliwa Unguja, katika kisiwa kile kile ambako misafara ya karne ya 19 ilianzia safari ya kuja Ujiji, na kwa njia hiyo kukifikisha Kiswahili katika mwambao huu wa ziwa.

Maisha yake yalidumu miaka 45 tu. Ndani ya miaka hiyo alivuka bahari akiwa mtoto, akaikimbia nchi akiwa kijana, akabadilisha jina, akawa mmoja wa waimbaji mashuhuri kuliko wote wa karne ya 20, na akafa kwa ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kunong'ona.

Mtoto wa karani wa mahakama

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Zanzibar wakati huo ilikuwa nchi ya Sultani Khalifa bin Harub chini ya ulinzi wa Waingereza. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu. Mama yake aliitwa Jer. Mwaka 1952 alizaliwa dada yake, Kashmira.

Familia hiyo ilikuwa ya Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta ambao mababu zao waliihama Uajemi karne nyingi zilizopita na kupata hifadhi katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Hata jina la ukoo lilitokana na mji wa Bulsar, ambao leo huitwa Valsad. Waparsi wa Unguja walikuwa jamii ndogo, wengi wao wakiwa watumishi wa serikali na wafanyabiashara, wenye hekalu lao na desturi zao katikati ya mji wenye Waswahili, Waarabu, Wangazija, Wahindi wa madhehebu mbalimbali na maofisa wachache wa Kizungu.

Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa tayari akiwa na makwao mengi: dini ya Uajemi, lugha ya Gujarat, mitaa ya Mji Mkongwe na pasi ya kusafiria ya Mwingereza.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka minane, wazazi wake walimpeleka kusoma India, katika shule ya bweni ya Mtakatifu Petro iliyoko Panchgani, mji wa milimani kusini-mashariki mwa Bombay. Haukuwa uamuzi wa ajabu kwa watu wa hali yao, lakini ulimaanisha kwamba mtoto angeishi miaka mingi mbali na mama yake, akiwaona wazazi wake kwa nadra. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Huko pia alijifunza piano kwa bidii, na mwaka 1958, pamoja na wanafunzi wenzake wanne, akaunda kundi lake la kwanza, The Hectics, lililopiga nyimbo za roki zilizokuwa zikivuma wakati huo.

Mapinduzi na safari ya Feltham

Mwaka 1963 Freddie alirejea Unguja. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Serikali ya Sultani iliangushwa, watu wengi waliuawa, wengi wao wakiwa Waarabu na watu wenye asili ya India, na maelfu wakaondoka kisiwani. Sultani Jamshid bin Abdullah mwenyewe alikimbia na kuishia Uingereza.

Kwa Wazanzibari wengi, hasa waliokuwa wamenyimwa ardhi na heshima chini ya utawala wa kisultani, siku hiyo ilikuwa mwanzo wa enzi mpya, na huadhimishwa hadi leo. Kwa familia ya Bulsara ilikuwa mwisho wa maisha waliyoyazoea. Katika miezi iliyofuata walifungasha walichoweza kubeba na kwenda Uingereza, wakapata nyumba ndogo Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London kilichopo chini ya njia ya ndege za Heathrow. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17.

Msomaji wa mwambao wa Burundi hahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya safari kama hiyo. Miaka minane baadaye, mwishoni mwa Aprili 1972, machafuko yalianzia katika eneo hili hili la Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini kote yaliwafanya maelfu ya watu kuvuka ziwa na mpaka kuingia Tanzania. Wengi wa vijana walioondoka wakati ule walizeekea Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 2014, watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo walipewa uraia wa Tanzania. Historia hizo mbili hazifanani kwa sababu wala kwa ukubwa. Kinachofanana ni hali ya kijana anayegundua kwamba mahali alipopaita nyumbani hapapo tena kwa namna alivyopajua, na kwamba hana budi kuanza upya kwa lafudhi ambayo wenyeji wataicheka.

Kutoka Smile hadi Queen

Uingereza aliyoikuta Freddie mwaka 1964 ilikuwa imeshikwa na homa ya muziki. The Beatles na The Rolling Stones walikuwa kileleni, na kila kitongoji kilikuwa na vijana wanne au watano wenye magitaa na ndoto. Freddie alisoma kwanza katika chuo cha Isleworth, kisha akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, ambako alihitimu mwaka 1969 katika usanifu wa michoro. Alimhusudu mno mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix, ambaye alimchora mara nyingi.

Ili kupata riziki alifanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, na baadaye akauza nguo za mitumba katika soko la Kensington. Mwenzake katika kibanda hicho alikuwa Roger Taylor, mpiga ngoma wa kundi lililoitwa Smile.

Smile lilianzishwa mwaka 1968 na mpiga gitaa Brian May, aliyekuwa akisoma fizikia katika chuo cha Imperial, pamoja na Tim Staffell, mwanafunzi mwenzake Freddie pale Ealing. Freddie alikuwa mfuasi wao wa karibu, tena mfuasi asiyenyamaza: aliwashauri jinsi ya kuvaa, jinsi ya kusimama jukwaani, jinsi ya kuwakabili watazamaji. Wakati huo huo aliimba katika makundi madogo ambayo hayakudumu. Staffell alipojitoa mwaka 1970, nafasi ikapatikana.

Freddie aliingia, na mara moja akataka jina jipya. Kundi likaitwa Queen, yaani Malkia. Naye akaliacha jina la Bulsara na kujiita Mercury. Alitumia ujuzi wake wa michoro kubuni nembo ya kundi, yenye alama za nyota za kuzaliwa za wanachama wote wanne. Wa nne alipatikana mwaka 1971: John Deacon, mpiga besi, kijana mkimya aliyesomea elektroniki.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973 na haikushtua wengi. Mwaka uliofuata wimbo wao mmoja uliingia miongoni mwa kumi bora za Uingereza, na mwingine, Killer Queen, ulifika nafasi ya pili. Hata hivyo vijana hao walikuwa na umaarufu bila fedha. Mkataba waliousaini na mameneja wao wa awali uliwaacha wakilipwa mishahara midogo huku santuri zao zikiuzwa kwa wingi, na ilichukua mvutano mrefu hadi wakajinasua mwaka 1975.

Dakika sita zilizobadili mambo

Mwaka huo huo Freddie aliwaletea wenzake utungo ambao haukufuata kanuni yoyote ya biashara ya muziki. Ulianza kama maombolezo ya taratibu kwenye piano, ukageuka kuwa opera, ukalipuka kuwa roki, kisha ukamalizikia katika utulivu. Haukuwa na kiitikio. Ulikaribia dakika sita, wakati redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Sauti za watatu kati yao zilirekodiwa moja juu ya nyingine mara nyingi mno, hadi watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Na katikati ya sehemu ya opera, kwa mshangao wa wasikilizaji wa Ulaya, lilikuwemo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto aliyekulia Unguja hulisikia kabla ya chakula na kabla ya safari.

Wakuu wa kampuni ya santuri walisita. Lakini mtangazaji wa redio Kenny Everett, rafiki yake Freddie, alipewa nakala, akaipiga mara kadhaa katika siku chache, na wasikilizaji wakaanza kuidai madukani kabla haijatoka. Bohemian Rhapsody ilitolewa mwishoni mwa Oktoba 1975, ikakaa nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa wiki tisa. Filamu fupi iliyotengenezwa kuutangaza wimbo huo kwenye televisheni ilionyesha njia ambayo muziki wa dunia ungeifuata katika miaka ya themanini.

Tangu hapo Queen likawa kundi la viwanja. Mwaka 1976 lilitumbuiza bure katika bustani ya Hyde Park mjini London mbele ya umati mkubwa. Mwaka 1977 zikatoka nyimbo mbili zilizotungwa kwa makusudi ili watazamaji waimbe pamoja na kundi, mmoja wa Brian May na mwingine, ule wa ushindi, wa Freddie. Mwaka 1980 nyimbo zao mbili zilifika kileleni nchini Marekani, na mwaka 1981 walijaza viwanja vya kandanda vya Argentina na Brazil, huko São Paulo wakiimba mbele ya zaidi ya watu 100,000 kwa usiku mmoja.

Siri ya kudumu kwao ilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa mtunzi. Kila mmoja kati ya wanne hao aliwahi kutunga wimbo uliovuma sana. Waligombana, mara nyingi kwa ukali, lakini hakuna aliyefukuzwa wala aliyejitoa hadi kifo kilipowatenganisha.

Doa la Sun City

Si kila ukurasa wa historia hii unastahili sifa. Oktoba 1984 Queen walikwenda Sun City, mji wa starehe uliojengwa Bophuthatswana, mojawapo ya vijinchi vilivyobuniwa na utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende huko, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa kimekataza jambo hilo. Queen walijitetea kwamba wao si wanasiasa na kwamba waliimba kwa yeyote aliyetaka kuwasikia. Walipigwa faini na chama chao, na jina lao likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo.

Kwa Mwafrika wa Mashariki jambo hilo lina uchungu wa pekee. Wakati Freddie akiimba Sun City, nchi aliyozaliwa, ambayo sasa ilikuwa sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ilikuwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele, ikiwahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini na kuwasomesha watoto wao Mazimbu, Morogoro. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa asili ya Asia ambaye, kwa sheria za utawala ule, asingeruhusiwa kuishi katika mtaa wa Wazungu.

Mwaka uliofuata likaja jukwaa lililoyafunika mengi. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, wanamuziki walikusanyika kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Queen walipewa dakika zipatazo 20. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa makini kuliko wengi, na Freddie, akiwa amevaa fulana nyeupe isiyo na mikono, aliwaongoza watu wapatao 72,000 kama kiongozi wa kwaya anavyowaongoza waimbaji wake, huku dunia ikitazama kwenye televisheni. Hadi leo wachambuzi wengi huyataja maonyesho hayo kuwa bora kuliko yote ya roki yaliyowahi kufanywa jukwaani.

Ugonjwa uliofichwa

Tarehe 9 Agosti 1986, huko Knebworth, Queen walitumbuiza kwa mara ya mwisho wakiwa na Freddie. Mwaka 1987 aliambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI. Wakati huo hapakuwa na dawa za kurefusha maisha kama zilizopo leo. Aliwaficha wengi, na hata wenzake katika kundi waliambiwa baadaye, lakini aliendelea kufanya kazi. Alirekodi na mwimbaji wa opera wa Kihispania Montserrat Caballé albamu iliyopewa jina la mji wa Barcelona. Pamoja na Queen alitoa albamu nyingine mbili, ya mwisho ikiwa Innuendo ya mwaka 1991. Wenzake wameeleza jinsi alivyofika studio akiwa dhaifu, akarekodi kile ambacho nguvu zake zilimruhusu, na kuwaachia sauti ambazo wangezikamilisha bila yeye.

Afrika Mashariki na Kati nayo ilikuwa katika msiba huo huo. Mwaka 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza hadharani kwamba mwanawe aliuawa na UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Bongoley Lutaaya alijitokeza na kusema kwamba anao ugonjwa huo, akazunguka shuleni na makanisani kuwaonya vijana, kisha akafariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Lutaaya alichagua kusema. Freddie alichagua kunyamaza. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yakimvizia mlangoni kwake, yakichapisha picha za uso wake uliokonda, na maisha yake ya mapenzi, ambayo yalihusisha wanaume na wanawake, yalikuwa mtaji wa vichwa vya habari. Ni vigumu kumlaumu mgonjwa kwa kufunga mlango. Lakini ni haki pia kukumbuka kwamba mwenzake wa Kampala, akiwa na ulinzi mdogo zaidi, aliufungua.

Tarehe 23 Novemba 1991 tangazo lilitolewa kwa jina la Freddie, likithibitisha kwamba ana UKIMWI. Jioni ya siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake Kensington kwa homa ya mapafu iliyosababishwa na ugonjwa huo. Mazishi yaliongozwa na makasisi wa dini ya wazazi wake. Mtu aliyekuwa ameliacha jina la Bulsara aliagwa kwa sala za Bulsara. Mwili ulichomwa, na majivu yake alikabidhiwa Mary Austin, mpenzi wake wa ujanani aliyebaki rafiki yake wa karibu kuliko wote. Mahali yalipowekwa hapajatangazwa.

Mwana wa nani?

Aprili 1992 tamasha kubwa lilifanyika Wembley kwa kumbukumbu yake, na fedha zilizopatikana zikaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, Mercury Phoenix Trust. Mwaka 1995 Queen walitoa albamu iliyojengwa juu ya sauti alizoziacha. John Deacon alistaafu, lakini May na Taylor wameendelea kupanda jukwaani na waimbaji wengine, na kundi ambalo mbegu yake ilipandwa mwaka 1968 bado linajaza viwanja.

Unguja kwenyewe, kumbukumbu yake imekuwa na utata. Mwaka 2006, yalipopangwa maadhimisho ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ilipinga ikisema kwamba mwenendo wa maisha yake haulingani na maadili ya kisiwa, na sherehe zikafutwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa Shangani, katika Mji Mkongwe, na watalii hupanga foleni kupiga picha mlangoni. Waongoza watalii huwaonyesha wageni mitaa aliyocheza. Wazee wachache bado huikumbuka jamii ya Waparsi, ambayo imebaki karibu jina tu.

Yeye mwenyewe hakupenda kuzungumzia utoto wake. Umma wa Uingereza ulimwona kama Mwingereza mwenye sura isiyoeleweka inatoka wapi, naye hakujisumbua kuueleza. Pengine lilikuwa jeraha, pengine ilikuwa ni tabia ya mtu aliyejifunza mapema kwamba anayehama sana ni bora abebe mzigo mwepesi.

Hata hivyo mzigo huo haukupotea wote. Upo katika neno lile la Kiarabu ndani ya wimbo wake mkuu, na upo katika sala zilizomzika. Katika vituo vya mabasi kati ya Gitaza na Rumonge, ambako karibu kila familia ina ndugu aliyevuka maji na hakurudi, sauti ya kijana huyo wa Unguja bado hupita redioni. Wanaoiitikia hawajui kwamba naye aliwahi kuikimbia nchi yake.